Maswali ya Wasomaji: Kijana Apewe Nini cha Kushika Usiku wa Pasaka?

Barua za safari hii zimejaa Kwaresima na Juma Kuu. Nimezisoma zote, nyingine mara mbili, na nimechagua zile zinazogusa jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miaka 26 niliyokuwa katekista na mlezi wa vijana: tukimwita kijana kanisani, tunamwita aje kufanya nini? Majina ya waandishi nimeyaacha, kama wengi walivyoomba.

Swali: Shikamoo Mama. Mimi ni mlezi wa vijana, nina mwaka mmoja tu kwenye utume huu. Kila Kwaresima vijana wetu huigiza Njia ya Msalaba. Mazoezi huanza mara baada ya Jumatano ya Majivu na siku yenyewe ni Ijumaa Kuu kuanzia saa sita mchana. Mwaka jana igizo lilipendeza, watu walilia. Lakini saa tisa ibada ilipoanza, vijana karibu wote walikuwa wamekwenda kubadili nguo, na hawakurudi. Paroko alinisema, wazazi wakanisema. Vijana nao wamenuna, wanadai kazi yao haithaminiwi. Mwaka huu nilifute? – Mlezi mchanga

Jibu: Marahaba mwanangu. Usilifute. Watu waliolia hawakulia bure, na vijana waliojifunza maneno ya Pilato na ya Simoni Mkirene kwa majuma sita hawatayasahau maisha yao yote. Tatizo lako ni saa, na nyuma ya saa kuna jambo lingine.

Nikupe kisa changu. Katika mwaka wangu wa tatu wa ulezi niliandaa igizo kubwa kuliko yote niliyowahi kuandaa. Kijana aliyeshika nafasi ya Bwana Yesu alikuwa na miaka 19, na msalaba tuliomtengenezea ulikuwa mzito kweli, kwa sababu mimi ndiye niliyesisitiza kwamba wa mbao nyepesi hautawagusa watu. Tulimaliza saa tisa kasorobo. Zaidi ya saa moja baadaye nilitoka kanisani kumtafuta msomaji mmoja, nikamkuta yule kijana amelala kwenye benchi nje ya ukumbi. Rangi nyekundu ilikuwa imemkaukia kwenye paji la uso, viatu amevikumbatia. Ndani waamini walikuwa wanaimba, wamepanga mstari kwenda kuubusu Msalaba. Aliyekuwa Yesu wetu saa moja iliyopita hakuwamo kwenye ule mstari. Sikumwamsha. Nilisimama pale nikajua kosa ni langu: nimemchosha kwa mfano, nikamkosesha kile chenyewe.

Tangu mwaka ule tulilihamishia igizo Ijumaa ya juma la tano la Kwaresima, jioni. Vijana wakapata juma zima la kupumzika, na lilipofika Juma Kuu walikuwa huru. Kama kwenu haiwezekani kabisa kulitoa Ijumaa Kuu, lifanyeni asubuhi na lisizidi saa moja unusu. Vituo ni 14. Mkikaa dakika 5 au 6 kila kituo, mnabaki na muda wa kutembea na kunyamaza. Na yule wa msalaba awe na wenzake wa kupokezana. Simoni Mkirene yumo kwenye Injili kwa sababu.

Sasa lile jambo la nyuma ya saa. Vijana wako waliondoka kwa sababu ndani ya ibada hawakuwa na chochote chao. Nje walikuwa na majukumu, ndani wangekuwa watazamaji. Kabla hujawagombeza, waulize kama wanajua kinachofanyika saa ile ya tisa. Mimi niliwauliza wangu nikashtuka. Wengi walidhani ni Misa. Hawakujua kwamba Ijumaa Kuu hakuna Misa, kwamba altare huwa tupu, haina msalaba wala mishumaa wala vitambaa, kwamba padre huingia kimya na kulala kifudifudi sakafuni, na kwamba Komunyo inayotolewa siku ile iliwekwa wakfu Alhamisi jioni.

Basi tukafanya hivi. Jumatatu ya Juma Kuu niliwaingiza kanisani, taa zimezimwa, nikawaomba wapige magoti na kukaa kimya kwa dakika 3 tu. Wa kwanza kucheka alicheka, kisha akanyamaza. Baada ya hapo nikawapitisha katika ibada yote hatua kwa hatua, kila mmoja akijua atasimama wapi. Wawili hubeba mishumaa pembeni mwa Msalaba unapoingizwa. Wengine husoma Mateso. Siku hiyo kila mwaka husomwa Mateso yalivyoandikwa na Yohane, sura ya 18 na 19, ilhali Dominika ya Matawi hupokezana Matayo, Marko na Luka kwa mzunguko wa miaka mitatu. Waamini walei wanaruhusiwa kusoma, ila sehemu ya Kristo aachiwe padre ikiwezekana. Kijana aliyekuwa Pilato kwenye igizo anaweza kuwa msimulizi kwenye Injili, na sauti yake imeshazoea maneno. Hapo igizo linakuwa limemwandaa kwa ajili ya ibada.

Mweleze Paroko mpango huu kabla ya Jumatano ya Majivu. Uende nao umeuandika kwenye karatasi, na uende na vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, waseme wenyewe.

Swali: Mama, sisi ni kwaya ya vijana. Mwalimu wetu wa kwaya anasema Kwaresima hakuna kupiga kinanda kabisa. Mwenzetu mmoja ametoka parokia nyingine, anasema kwao wanapiga kama kawaida. Nani mkweli? – Sauti ya tatu

Jibu: Kila mmoja ameshika nusu. Mwongozo wa Misale ya Kirumi unasema katika Kwaresima kinanda na ala nyingine zitumike kwa ajili ya kutegemeza uimbaji tu. Maana yake: mkihitaji kinanda kishike sauti zenu zisianguke, kinaruhusiwa. Kupiga peke yake wakati wa matoleo au watu wanapotoka, hapana. Dominika ya nne ya Kwaresima, ile ya furaha, pamoja na sherehe na sikukuu zinazoangukia humo, hazibanwi na kanuni hii. Sherehe ya Mtakatifu Yosefu tarehe 19 Machi ni mfano mmojawapo. Majilio ni tofauti kidogo: ala hupigwa, ila kwa kiasi, ili furaha ya Noeli isimalizwe kabla haijafika.

Aleluya haiimbwi Kwaresima yote. Wimbo wa Utukufu hauimbwi Dominika za Kwaresima wala za Majilio.

Kitu ambacho ningependa ukiangalie ni mazoezi yenu. Kwaya nyingi za vijana huyaona majuma haya kama likizo kwa kuwa nyimbo zenyewe ni za polepole. Mimi nawaambia ndiyo majuma ya kazi. Utukufu wa Alhamisi Kuu, kengele zikilia, halafu kengele hizohizo zinanyamaza hadi Utukufu wa Mkesha wa Pasaka. Na Aleluya inayorudi usiku ule huimbwa mara tatu, kila mara sauti ikipanda. Mkianza kuifanyia mazoezi Jumamosi Kuu mchana mmechelewa. Ifanyieni mazoezi ukumbini tangu juma la tatu, milango imefungwa. Nimewahi kusimama nje ya mlango nikiisikia hivyo, kwa sauti ya chini, kama siri ambayo haijatangazwa.

Swali: Mwanangu wa kiume ana miaka 15. Jumatano ya Majivu alifunga kutwa nzima, na sasa anataka kufunga hivyo kila siku hadi Pasaka. Amekonda. Nikimkataza anasema nampinga Mungu. Nifanyeje? – Mama mwenye wasiwasi

Jibu: Pole dada yangu, na hongera pia, maana una mtoto anayemtafuta Mungu kwa bidii. Mwambie kwanza sheria ya Kanisa lenyewe. Kufunga kunamhusu aliyetimiza miaka 18 hadi anapoanza mwaka wa 60, na siku zenyewe ni mbili: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Hata hapo anayefunga anaruhusiwa mlo mmoja kamili na mingine miwili midogo. Kujinyima nyama ndiko kunakomhusu aliyetimiza miaka 14. Yeye ana 15, kwa hiyo nyama za siku zile zinamhusu, kufunga bado.

Ukimwambia hivi, usimwambie kama mtu aliyeshinda kesi. Mwili wake bado unajengeka, na Kanisa linalijua hilo, ndiyo maana limeweka umri. Kumtii mama anayemwambia "kula mwanangu" ni sadaka pia, na kwa kijana wa umri ule ni sadaka ngumu kuliko njaa. Kisha mpe kitu cha kufanya. Aweke simu mezani saa mbili usiku na asiishike hadi asubuhi. Amtembelee mgonjwa mmoja, huyohuyo kila juma, ampelekee masomo ya Dominika amsomee. Aende kwa padre aungame na amweleze hamu yake ya kufunga, apate mtu wa kumwongoza.

Na nisikufiche: ukiona anaficha chakula, anapima mwili wake kila wakati, au anaendelea kukataa kula hata baada ya kuzungumza na padre, mpeleke kwa daktari. Usingoje Pasaka ifike.

Swali: Nina miaka 17. Mwaka jana nilijiandikisha kuoshwa miguu Alhamisi Kuu, mzee mmoja wa kamati akafuta jina langu akasema mitume walikuwa wanaume. Nilirudi nyumbani nikalia. Je, alikuwa sahihi?

Jibu: Hapana binti yangu, hakuwa sahihi. Nasikitika kwamba ulilia peke yako.

Zamani maandishi ya Misale yalitaja wanaume. Tarehe 6 Januari 2016 ilitolewa amri, kwa matakwa ya Papa Fransisko, iliyobadilisha maneno hayo: wanaooshwa miguu sasa huchaguliwa kutoka miongoni mwa Taifa la Mungu. Maelezo yaliyoambatana nayo yanataja wanaume na wanawake, vijana na wazee, wazima na wagonjwa. Kijana wa kike umo waziwazi.

Naomba uelewe pia kwamba kuosha miguu usiku ule si lazima kufanyike, na Paroko ndiye anayepanga. Kwa hiyo usibishane na mzee. Huenda aliufahamu utaratibu wa zamani, na hakuna aliyemweleza kwamba umebadilika. Nenda kwa Paroko mapema, ukiwa na mlezi wako, umweleze kwa heshima. Na kama jina lako halitaingia mwaka huu kwa kuwa nafasi zimejaa, omba kubeba jagi la maji au taulo. Padre akiinama miguuni pa mtu, anayesimama karibu na taulo huona uso wa yule anayeoshwa. Mimi nimeibeba ile taulo mara kadhaa. Mwaka mmoja bibi aliyekuwa anaoshwa alikuwa anajaribu kuurudisha mguu wake nyuma kwa aibu, mara mbili, padre akamngojea.

Swali: Vijana wangu wanasinzia kwenye Mkesha wa Pasaka. Masomo ni mengi mno, giza, saa nyingi. Kuna namna ya kuufupisha? – Mwenyekiti wa vijana

Jibu: Ipo, lakini nisikilize kwanza, maana swali hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Masomo ni tisa: saba ya Agano la Kale, Waraka wa Paulo kwa Waroma, na Injili. Kwa sababu za kichungaji yale saba yanaweza kupunguzwa hadi matatu, hata mawili pakiwa na sababu nzito sana, lakini Kutoka sura ya 14, kuvuka bahari, haliachwi kamwe. Mkesha wenyewe usianze kabla ya giza kuingia na uishe kabla ya kupambazuka. Na ujue kwamba kwa karne nyingi ibada hii ilikuwa imesogezwa hadi Jumamosi asubuhi, mshumaa ukiwashwa jua likiwaka, mpaka Papa Pius XII aliporuhusu mwaka 1951 irudishwe usiku. Babu zetu katika imani walitamani giza hili tunalolilalamikia.

Kijana husinzia asipokuwa na kitu mkononi. Mimi sikuwahi kupunguza masomo ili vijana wasilale. Nilichofanya ni kuwagawia.

Kila somo lina mtu wake, na mtu huyo analipewa Jumatano ya Majivu. Ndiyo, siku 40 na zaidi kabla. Anaishi nalo. Nilikuwa na binti mmoja mwenye kigugumizi, mcheshi sana akiwa na wenzake, akishika kitabu anafungwa ulimi. Aliomba mwenyewe apewe bahari ya Kutoka. Wenzake walinitazama, mimi nikampa. Tulilisoma pamoja kila Jumamosi, kanisa likiwa tupu, mimi nimekaa kiti cha mwisho, yeye kwenye mimbari. Nilimwonyesha mahali pa kupumua na nikaweka alama ndogo ya penseli kwenye kila nukta. Usiku wenyewe alikwama mara moja, pale maji yanapokuwa ukuta kuume na kushoto. Kanisa zima likamngojea. Hakuna aliyekohoa. Akavuta pumzi, akamaliza, na wimbo wa Musa ukaanza juu ya neno lake la mwisho kama inavyotakiwa. Hakuna kijana aliyelala usiku ule. Wote walikuwa wanavuka naye.

Moto nao una watu wake. Ukusanyaji wa kuni kavu, kuziweka mahali pasiponyesha, mtu wa kuja na ndoo ya maji akae nayo kando. Mshumaa wa Pasaka una watu wake. Huo ningependa vijana wauone kwa karibu kabla ya usiku, kwa sababu gizani hauonekani vizuri. Uleteni kwenye kikao cha Juma Kuu, muuweke mezani, kila mmoja aushike. Utakatwa msalaba juu yake, herufi ya Alfa juu na Omega chini, na tarakimu nne za mwaka kwenye pembe nne za msalaba, na chembe tano za ubani zitachomekwa kwa ajili ya madonda matano. Wakiona tarakimu za mwaka wao wenyewe, mwaka wanaofanya mtihani, mwaka waliofiwa, mwaka waliopata kazi au kukosa, huelewa bila hotuba kwamba huyu aliyefufuka ameingia kwenye mwaka huu.

Wafundishe pia mwendo wa mwanga. "Mwanga wa Kristo" huimbwa mara tatu: mlangoni, katikati ya kanisa, mbele ya altare. Mishumaa ya waamini huwashwa baada ya mara ya pili. Pale katikati panahitaji vijana sita au wanane waliopangwa, kila mmoja na safu zake za viti, vinginevyo mwanga hukwama mbele na walio nyuma wanabaki gizani wakiulizana. Waambie: mshumaa uliowaka usimame wima, ule usiowaka ndio uinamishwe, hapo nta haimdondokei mtu. Taa za umeme ziwe na mtu mmoja anayejua swichi zote kwa kupapasa, naye haziwashi hadi padre aimbe mara ya tatu.

Fanya hivi mwaka mmoja. Ukiona bado wanasinzia, niandikie tena.

Swali: Mama, kwa nini Pasaka hutembea? Tulipanga kambi ya vijana mwezi wa tatu, tukakuta imeangukia Juma Kuu.

Jibu: Pasaka ni Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza, kuanzia tarehe 21 Machi. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ndio uliotaka Wakristo wote waiadhimishe siku moja. Kwa kalenda yetu haiwezi kutangulia 22 Machi wala kuvuka 25 Aprili. Tazameni tofauti: mwaka 2027 Pasaka ni 28 Machi na Jumatano ya Majivu ni 10 Februari, mwaka 2028 Pasaka ni 16 Aprili na Majivu ni 1 Machi. Kamati inayonakili tarehe za mwaka uliopita itaumia kila mara. Anzeni kupanga kwa kuandika Pasaka, halafu hesabuni kwenda nyuma na mbele. Na kambi, kwa maoni yangu, ingependeza zaidi baada ya Pasaka, kama utakavyoona kwenye barua inayofuata.

Swali: Baada ya Pasaka ukumbi wetu unakuwa mtupu. Vijana 40 walikuwapo Juma Kuu, Dominika iliyofuata walikuja 7. – Katibu

Jibu: Kwaresima tunaipangia kila Ijumaa, na Kipindi cha Pasaka ambacho kina siku 50 tunakiachia hivihivi. Tumewafundisha vijana kwa matendo yetu kwamba huzuni ina ratiba na furaha haina. Hili linaniuma.

Chukua siku zile 50 uzigawe. Juma la kwanza pumzikeni, mmechoka. Kisha Dominika tatu au nne vijana waende wawili wawili kwa wagonjwa na wazee ambao hawakuweza kufika Mkesha, wakiongozana na wanaowapelekea Komunyo. Wapige nao wimbo mmoja wa Pasaka, wawasomee Injili ya siku. Baadaye mje kwenye siku 9 kati ya Kupaa kwa Bwana na Pentekoste, kuanzia Ijumaa hadi Jumamosi ya mkesha. Hii ndiyo novena iliyozitangulia novena zote, kwa sababu mitume pamoja na Maria walidumu katika sala siku zile. Papa Leo XIII aliagiza mwaka 1897 ifanyike parokiani kote. Wapeni vijana jioni moja kati ya zile tisa waiongoze wao, mwanzo hadi mwisho, na wazee wakae kwenye viti. Waliopokea Kipaimara miaka ya karibuni waiandae.

Tena wekeni alama kwenye Sherehe ya Kristo Mfalme, Dominika ya mwisho ya mwaka wa liturujia. Tangu mwaka 2021 ndiyo siku ambayo majimbo huadhimisha Siku ya Vijana Duniani; awali ilikuwa Dominika ya Matawi, tangu Papa Yohane Paulo II alipoianzisha na kuadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1986. Ule mkusanyiko mkubwa wa kimataifa utafanyika Seoul, Korea Kusini, 3 hadi 8 Agosti 2027. Wengi wa vijana wako hawatafika huko, na watawaona wenzao kwenye simu. Kristo Mfalme ni siku yao hapo walipo, na juma linalofuata Majilio yanaanza. Mwaka wa Kanisa unageuka mikononi mwao, basi wapeni kazi ya kuugeuza: wao ndio wafunge mwaka ule kwa sala ya jioni, na wao ndio wawashe mshumaa wa kwanza wa Majilio.

Swali: Shikamoo. Mimi sijui kuimba, naogopa kusoma mbele za watu, na kuigiza ndiyo kabisa. Nina miaka 16. Naenda vikao vya vijana nakaa nyuma. Naona kama mimi sina kazi pale. Niendelee kwenda?

Jibu: Marahaba mwanangu. Endelea kwenda.

Nimekuwekea barua yako mwisho kwa sababu nataka uisome mara mbili. Usiku wa Mkesha, mwanga ukishafika mbele, padre au shemasi husimama karibu na mshumaa wa Pasaka aimbe Mbiu. Ni wimbo mrefu, na pale taa zinapoachwa zimezimwa hadi uishe, anauimba kwa mwanga wa mishumaa tu. Lazima awepo mtu wa kushika mshumaa mdogo karibu na kitabu, kwa urefu uleule, bila kutikisika, bila kuziba maandishi, bila kudondosha nta kwenye ukurasa, na ageuze ukurasa kwa wakati. Haongei. Haimbi. Watu hata hawamwoni. Akitetemeka, aliyesimama kuimba hukosa mstari, na kanisa zima hukosa kuitangaza Pasaka vizuri.

Miaka mitano iliyopita kazi hiyo ilifanywa na kijana aliyekuwa kimya kama wewe. Alijizoeza nyumbani na kitabu cha shule, mkono umenyooshwa, akijihesabia dakika kumi. Alinionyesha bega lake lilivyokuwa linauma, kwa fahari kabisa.

Mwone mlezi wako juma hili umwambie unaitaka kazi hiyo kabla hajampa mwingine. Halafu Jumanne ya Juma Kuu uende sakristia ukiomba kitabu chenyewe. Kijaribu uzito wake, tazama kurasa zinageukia wapi, na ujue kama wewe ni mrefu kuliko padre au yeye ni mrefu kuliko wewe, maana hapo ndipo utakapojua mkono wako ukae wapi.